Verna Hruska wa Upande wa Wyoming

Ndugu, jamaa na majirani wa pande zote mbili za mpaka, mimi ni Carla, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Verna Hruska.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 mjini Lingle, Wyoming, mtoto wa tatu wa Gottlieb na Lydia Schlager, wakulima wa biti za sukari, akasoma Torrington hadi kumaliza sekondari mwaka 1969, na mwaka 1971 akaajiriwa na kampuni ya ujenzi ya mjini humo, ambako alikabidhiwa muhuri wa kuthibitisha saini.

Mafundi mnaujua muhuri ule, ninyi wengine niwaeleze: fundi akilipwa husaini hati ya kuachia haki yake ya kulidai jengo, kule Nebraska saini yake inatosha, huku Wyoming lazima asaini mbele ya mwenye muhuri, na muhuri wa mama ulikuwa na nguvu huku tu, ng'ambo ulikuwa mpira na wino.

Mwaka 1976 akatokea fundi zege wa Morrill, Nebraska, Duane Hruska, na hati aliyokwisha kuisaini nyumbani kama walivyozoea kwao, mama akamrudishia akimuuliza, "Hii umesaini mbele ya nani, kaka, mbele ya ng'ombe wako?"

Januari iliyofuata Duane akileta hati nyingine, gari lake lilikwama kwenye theluji pale Henry, upande wa Nebraska, karibu kabisa na mpaka, mama akaenda na muhuri mkobani, akasimama upande wa Wyoming.

"Verna, ni hatua mbili tu, njoo!"

"Hata kwako ni mbili. Zipige."

Alizipiga, na tangu siku hiyo akawa anakuja hata bila hati, wakafunga ndoa Torrington tarehe 14 Oktoba 1978, wakajaliwa mimi mwaka 1980 na Dale mwaka 1983.

Sisi tuliokulia chini ya meza yake tunakumbuka harufu ya kahawa, wino na mabuti yenye saruji, na sauti yake ikimkemea fundi mwenye haraka, "Hela imeingia benki? Bado? Sasa unaachia nini, wewe?", sauti ambayo leo natamani inikemee mimi.

Novemba 2022 alipatikana na kansa ya kongosho, akatibiwa Scottsbluff, Nebraska, na madaktari waliposema hawana la zaidi aliomba jambo moja tu, asife upande ule.

Tarehe 3 Mei baba aliendesha gari, mimi nyuma nimempakata mama kichwa, pumzi zikawa zinapungua, baba akaogopa, akasema, "Verna, tumevuka," na bango la Wyoming lilikuwa bado mbali, naye kabla ya hapo hakuwahi kuthubutu kumdanganya kuhusu mpaka ule.

Mama, macho yamefumbwa, akajibu, "Duane, lami haijabadilika sauti."

Baba alikanyaga mafuta huku akilia na kucheka, mpaka magurudumu yakaanza kunguruma kwenye lami ya kwetu, na mama akasema, "Haya. Hapo sawa."

Alifariki nyumbani Torrington asubuhi ya tarehe 6 Mei 2023, akiwa ameshikwa mkono na baba, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Scottsbluff, majirani mliotuletea mikate iliyojazwa kabichi na nyama hadi friji ikakataa kufunga, na mafundi mliokuja leo na mabuti yenu ya kazi, angefurahi.

Pumzika kwa amani, mama, upande wako, na baba anasema usihangaike kurudi kumchukua, zile hatua mbili atazipiga yeye.