Mzee Tochi, Aliyekagua Magari ya Watu Kabla Hayajanunuliwa

Wazazi, ndugu, majirani, na nyinyi mafundi mliokuja na ovaroli kwa sababu hamkupata nafasi ya kubadilisha, kaeni tuwasomee maisha ya mzee wetu, ambaye mtaa mzima na wauzaji wote wa magari walimwita Tochi, na hata mke wake alimwita hivyo siku akiwa amefurahi.

Mzee Tochi alizaliwa Jumanne tarehe 14 Juni 1949, katika chumba cha nyuma cha duka ambamo baba yake alikuwa akitengeneza baiskeli, mtoto wa tatu kati ya sita, na marehemu mama yake alizoea kusimulia kwamba mtoto yule alitoka macho wazi, akamtazama mkunga juu hadi chini kama mtu aliyeletewa kitu asichokiagiza. Alianza shule Januari 1957, akamaliza darasa la saba mwaka 1963, hakuendelea kwa sababu baba yake aliumia mgongo, akawa anaziba pancha za baiskeli mahali pake, hadi Machi 1966 alipochukuliwa kufagia gereji ya kampuni ya malori, akajifunza ufundi chini ya malori hayohayo, na mwaka 1970 akaandikwa fundi.

Langoni mwa gereji hiyo alikaa binti mmoja aliyeshona viti vya magari kwa cherehani, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa anaona miguu ya Tochi tu, siku moja akachoka, akamuuliza, "Wewe kaka wa chini ya lori, huna uso?" naye akajibu kulekule chini, "Ninao, ila una grisi," wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 1973, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1975, na mabinti wawili, mwaka 1978 na 1982, ambao wamewapatia wajukuu wanane.

Septemba 1984 alinunua pikapu kwa rafiki yake wa kazini, na yeye aliyekuwa akilala chini ya magari ya watu kutwa nzima hakuinama kutazama chini ya lile, kwa kuwa rafiki huyo alikuwa amesimama pale anatabasamu, akamwonea haya. Safari ya kwanza tu, mke wake akiwa kando, breki zikakataa kwenye mteremko, wakagonga ukuta wa ghala, mke wake akavunjika mfupa wa bega, na bega hilo hadi leo halinyanyui ndoo. Wiki zote za kumuuguza alikuwa na neno moja, "Nilimwonea haya mtu, nikakuvunja wewe," mpaka mke wake akamwambia, "Basi, baba watoto, nimesikia, nipe maji."

Kampuni ilipofungwa mwaka 1994 alianza kazi mliyomjua nayo, ya kukagua magari yaliyotumika kwa ajili ya wanunuzi, akaifanya kwa karibu miaka thelathini. Alifika asubuhi, akaweka kiganja juu ya boneti, na akiikuta ina joto alitoka nje akakaa mpaka ipoe, maana alijua injini imewashwa mapema ili ugonjwa wake usisikike. Alikuwa na sumaku ndogo aliyoifunga kwa uzi, aliipitisha kwenye mabati, na pale isiposhika alijua chini ya rangi kuna puti iliyoziba palipogongwa, kisha alifunua mazulia akanusa kama gari liliwahi kuzama majini, akatazama mpira wa pedeli umelika kiasi gani, hata mita ya kilomita isemeje. Kwa muuzaji hakupokea kitu, hata soda, hata kiti, alisema anayekagua asiwe wa muuzaji wala mpenzi wa gari, na mnunuzi aliyekuja tayari amelipenda alimwambia, "Mama, wewe kasimame kule kwanza, macho yako yameshanunua."

Mwaka 2011 mwanawe alifungua yadi ya kuuza magari, akaja kumwomba awe anamkagulia, akasema, "Baba, watu wakisikia umekagua wewe, hawatauliza tena," mzee akamjibu, "Ndiyo maana sikagui, mwanangu, waache waulize." Maneno hayo yalimchoma kijana, miaka ikapita anakuja kusalimia akiwa amesimama mlangoni, funguo mkononi, mama yake anamwambia kaa, anasema yuko njiani.

Machi 2023 mzee alianza kuvimba miguu, ikaonekana ni figo, akawa anapelekwa hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tarehe 15 Januari 2024 mwanawe alileta gari la rangi ya fedha kutoka yadini, liwe la kumpeleka baba yake, likang'aa pale uani, majirani wakapiga vigelegele, mzee akauliza kutoka kitini, "Limekaguliwa na nani?" Mwanawe akasema, "Baba, si langu?" Akajibiwa, "Ndiyo maana nauliza."

Akaitwa fundi wa kike wa barabara ya pili, ambaye si ndugu yetu wala hamdai mtu hapa, akalipandisha kwa jeki, akafunua mazulia, akakaa chini yake muda mrefu, alipotoka hakujua amtazame nani, akasema, "Mzee, haya ni magari mawili," akawaonyesha ule mshono wa kuchomelea uliokata sakafu upande hadi upande, chini ya viti, nusu ya mbele ya gari moja, nusu ya nyuma ya jingine. Mwanawe aliinama akaona kwa macho yake, akasema hakujua, hilo na mengine aliyanunua pamoja kwa dalali mmoja, akamwamini, na baba yake hakumgombeza, alimuuliza tu, "Mengine yako wapi?"

Yalikuwa kumi na moja, manne yalikuwa bado yadini, na saba yalikuwa yameshauzwa, yanabeba watu.

Tangu siku hiyo mzee hakuuliza jambo jingine, hata alipolazwa, mwanawe akiingia wodini anaulizwa mengine yako wapi, anajibu, "Kesho, baba, nitawatafuta," maana aliogopa kusimama mbele ya watu na kusema aliwauzia nini. Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mzee alifariki dunia, mke wake akakunja blanketi, akamuuliza muuguzi kama dawa ya saa sita ameshapewa, muuguzi akamshika mkono. Mwanawe alifika saa sita kasoro, na karatasi ya majina ya walionunua, alikuwa ameanza kuwatafuta tangu alfajiri, akaambiwa, akabaki nayo mkononi, mama yake akamwambia, "Soma," akamsomea pale kwenye korido, majina yote saba.

Mwanawe ameomba jambo hili liwekwe humu, na lisomwe akiwa amesimama hapa mbele yenu, kama mnavyomwona. Wanunuzi watano wamepatikana na magari yao yameegeshwa. La sita ni jeupe, dogo, lilinunuliwa Agosti iliyopita na mama mwenye watoto pacha, na la saba ni la kijani, la mwalimu aliyehama, simu yake haipatikani. Anayewafahamu asisubiri mazishi yaishe, awaambie wasiyaendeshe, wayapeleke kwa fundi watakayemchagua wao wenyewe, si wetu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, dereva jirani aliyembeba mzee miezi yote kwa gari lake bila kunung'unika, fundi wa kike kwa kusema alichokiona, majirani waliopika na kutandika, na mafundi wenzake mliofunga gereji leo. Mke wake anasema asanteni, hana maneno mengine kwa sasa.

Lala kwa amani, Tochi. Yamebaki mawili, tunayatafuta.