Kiboksi Chekundu cha Antonia

Apa kwanza: hutamwambia mtu. Umeapa? Vizuri, maana mimi pia niliapa, na wewe ni wa arobaini kusikia. Ni pale kwenye benchi la kahawa, Msalato, ninapouza karanga na kusikiliza yasiyonihusu. Antonia, mwenye shamba la zabibu, alikuja amefura kwa hasira. Chama cha wakulima wa zabibu kimeleta programu ya kompyuta: kila shamba ni kiboksi, na kila kiboksi kinatazama majirani zake. Majirani watatu wakiripoti ugonjwa wa ukungu, chako nacho kinageuka chekundu, unamngoja mkaguzi siku saba. Lori la kiwanda linakuja kesho, na shamba jekundu halipakii.

— Zabibu zangu hazina hata doa! Siku saba si zitakuwa siki?

— Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, alisema Zablon, tunayemwita Redio kwa kutozimika. Kompyuta haina chuki, dada.

— Nitie maji wapi, nimeshaachwa kipara!

Matonya, Wakili wetu asiye na kesi, akatua kikombe.

— Ni setelaiti. Imeona vivuli vya mbuzi, ikadhani ukungu.

— Mbuzi wa nani shambani kwangu?

— Basi kompyuta imerogwa. Mficha uchi hazai!

— Wakili, nitakumwagia hiyo kahawa!

Ndipo akaja Witness, binti anayeitunza programu hiyo, na kompyuta yake kwapani.

— Shikamooni.

— Marahaba ya nini! Antonia alifoka. Nirudishie shamba langu!

Binti akaifungua kompyuta kwenye benchi.

— Mama, hii haijui zabibu. Inajua mnachotuma kwa simu tu. Mashamba matatu ya jirani yameripoti ukungu. Aliyeripoti mwenyewe akituma kwamba shamba lake limepona, linarudi kijani palepale. Wewe uliyeambukizwa wekundu na majirani ndiye unayemngoja mkaguzi.

— Matatu yapi? Mashamba yote yanayonizunguka ni ya Redio!

Witness akakodolea macho kompyuta yake.

— Mbona kiboksi kimoja cha jirani kimegeuka kijani sasa hivi? Witness aliuliza. Na cha pili hicho. Nani anatuma?

Tukageuza shingo. Redio ameinama, simu katikati ya magoti.

— Lori linajaa nikipakia mimi, Antonia alisema. Nikirukwa, zamu ni yako. Mwizi wewe!

Akamkamata kifundo cha mkono, akauinua juu na simu yake. Benchi zima tukasoma: “Shamba la tatu limepona?” Na kidole gumba cha Redio kimeganda juu ya “Ndiyo”.