Kuua Sawa, Kubusu Hapana

Tuktuk ilipotoka Manyatta, Aoko alimwona mama aliyeketi naye akitazama sinema ya upelelezi kwenye simu. Akamuuliza kama ina mapenzi.

"Hii? Maiti tupu, dada," akajibu yule mama, Wangu, muuza viatu.

"Maiti si shida. Shida ni kubusu." Aoko akaeleza kwamba mama yake alikuwa amekuja kwao kutoka kijijini Pap Onditi ili atibiwe mguu, na chumba chao ni kimoja. Watu wakibusiana kwenye TV, Owiti, mume wa Aoko, huruka nje kama aliyeingiwa na siafu, maana mambo hayo mtu hayatazami pamoja na mama mkwe wake. Sasa mama anasema ni yeye anayemfukuza mkwe nyumbani kwake, na anafunga mizigo mguu haujapona.

"Si mzime TV?"

"Tukizima, nani ataongea? Hao wawili wakinyamaza, hata ukuta unaona haya."

Wangu akacheka. "Basi chukua hii. Mpelelezi ni mzee, alifiwa na mke, hana haja na mtu."

"Mpaka mwisho?"

"Mwisho sijafika."

Tuktuk ikasimama soko la Kibuye. Wangu akashuka na gunia lake, kisha akarudisha kichwa ndani. "Lakini kuna yule daktari wa maiti, mwanamke. Jana alimletea chai."

"Chai peke yake?"

"Na mandazi."