Mama Ernestina na Nafasi ya Besi

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, kumi na saba kati yake hapa Buffalo, Mama Ernestina Ruta anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025.

Alianzia Louisville mwaka 1996, akiwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaimbia wakila, akapewa barua ya onyo kwa kupiga kelele. Barua hiyo aliiwekea fremu, na mpaka leo imetundikwa ofisini kwake. Akaenda Columbus kusomea tiba ya muziki, akifanya usafi usiku ili alipe ada. Mwaka 2008 aliingia ICU yetu, wodi ya wagonjwa mahututi, na gitaa lake, kuwahudumia walioumia ubongo. Hutazama kwanza kifua cha mgonjwa, kisha huimba kwa mwendo wa pumzi yake.

Wengi mnamkumbuka Zéphyrin, aliyeanguka kutoka kwenye ngazi ghalani. Siku ya tisa alikuwa hajafumbua macho. Mtu mmoja, kwa nia njema, alimwekea ngoma za Afrika kwenye simu. Mama Ernestina alizizima, akamuuliza Clémence, mke wa mgonjwa, kama mumewe anazipenda.

“Ngoma? Bon, huyu hachezake hata ku arusi,” Clémence alijibu. “Yeye ni besi ya kwaya.”

Mama aliita wanakwaya wawili, wa soprano na wa tenori. Yeye akashika alto. Besi alikataza isiimbwe: nafasi ile ilikuwa na mwenyewe. Siku mbili hakuna kitu. Siku ya tatu, pale besi inapoingia, kidole cha Zéphyrin kiliinuka. Daktari alisema ni bahati tu. Mama alimwomba avute kiti, wakaurudia wimbo mara tatu. Kidole kiliinuka mara tatu, pale pale. Daktari akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anasikia.

Mama hajawahi kudai kwamba wimbo ulimponya. Zéphyrin anatembea kwa fimbo na husahau majina yetu. Lakini tangu siku ile hakuna aliyemzungumzia kando ya kitanda chake kana kwamba hayupo.

Sasa uongozi wa hospitali umetuandikia kwamba nafasi ya Mama haitajazwa, na kila chumba kitawekewa spika ya muziki. Spika haiwezi kumuuliza mke wa mgonjwa mumewe anaimba sauti gani. Haioni kifua kinavyopanda. Hatukubali, na tumeyaandika haya kwa uongozi, na majina yetu kumi na moja chini yake.

Tusingoje majibu. Kila mgonjwa anaruhusiwa wageni wawili, na familia nne zimeshatualika tuwaimbie wagonjwa wao, wawili wawili. Mama ametufundisha tangu Januari, hata mimi ambaye sauti yangu haisikiki mezani. Alisema sauti ndogo inafaa, haimshtui aliyelala. Tunaanza Jumanne, tarehe 1 Julai, saa nne asubuhi.

Asante, Mama, kwa kila pumzi uliyoifuata. Ukapumzike Westerville kwa binti yako, ule vizuri, ulale mpaka jua liwe juu. Jumanne usije. Tupo.

Aksanti Nyarugabo
Mhudumu wa kujitolea, ICU