Kondoo wa Serikali, Mbuzi wa Upinzani

Kwa miaka kumi na moja, benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lilikuwa na msomaji mmoja tu wa Biblia: kinyozi mwenyewe, aliyepachikwa jina Askofu. Kisha, wiki tatu zilizopita, fundi saa akahamia mlango wa pili na Biblia yake, miwani yake na sauti nzito ya mtangazaji, benchi zima likamgeukia. Hilo Askofu angelimeza. Kilichomkaba ni mkewe, muuza kahawa wa hapo hapo, ambaye siku hizi alimmiminia fundi saa kabla ya wote. Basi asubuhi hiyo Askofu alimwacha mteja kitini na povu shavuni, akatoka na Biblia kwapani kwenda kuikomboa ndoa.

— Leo nasoma mimi! Siku ya hukumu kondoo watawekwa mkono wa kuume, mbuzi kushoto.

— Kuume kwa wanaume? akauliza Bendera, mtu wa chama tawala, ambaye kofia ya chama huivua akioga tu.

— Kuume ni kulia, kaka, fundi saa akasema taratibu.

Mke wa Askofu akatabasamu. Askofu akalipima tabasamu lile: kubwa kuliko la harusi yao.

— Nilikuwa naelekea huko huko! Sasa jiulizeni, bungeni nani hukaa kulia kwa spika?

— Serikali! Bendera akaruka. Mbinguni tumepita bila kupingwa!

— Wee! akasimama Kamanda, mpiga rangi viatu, anayepinga kila kitu hadi mvua. Kulia kwa nani? Ukimtazama spika usoni, kulia kwako ni sisi!

— Utamtazama Mungu usoni, na kandambili hizo?

— Na mbuzi ni nani? Nani anatafuna kila kinachoota, hadi barabara?

— Tulieni! Askofu akapaza sauti, mambo yamekolea. Malaika ndio tume ya uchaguzi. Ile parapanda ni kutangaza matokeo.

— Na wagombea binafsi? akauliza Kamanda.

— Punda! Yule aliyembeba Yesu hakuwa na kadi ya chama chochote.

Wakacheka wote. Askofu akamtupia mkewe jicho la ushindi. Mke alikuwa akimkorogea fundi saa sukari.

— Fundi, wewe wasemaje? mke akauliza.

— Namsikiliza Askofu, shemeji.

Unyenyekevu ule! Askofu angemchoma na kitana.

Mlangoni akatokea yule mteja, nusu ya uso ndevu, nusu povu lililokauka.

— Samahani, wakubwa. Hao kondoo walipoambiwa kwamba walimlisha Bwana, walisemaje?

Askofu akafuata mstari kwa kidole.

— Walishangaa. Wakauliza, lini tulikuona una njaa?

— Na mbuzi, walioambiwa hawakumlisha?

Kidole kikashuka. Kikasimama.

— Wakauliza... lini.

— Sasa kama pande zote mbili hazikujua, ninyi mmejuaje mko upande gani?

Bendera akaigeuza kofia. Kamanda akainamia viatu vya watu. Askofu aliomba moyoni jambo moja tu: fundi saa naye akwame.

— Sijui, fundi saa akasema.

Ombi limejibiwa! Askofu akageuka amwone mkewe akivunjika moyo. Mkewe alikuwa ameliinamisha birika juu ya kikombe cha fundi saa, mpaka tone la mwisho.

— Walau yupo mmoja hapa anayeweza kulitamka neno hilo, akasema.

— Hata mimi sijui! Askofu akapiga kelele. Sijui tangu zamani! Muulize yeyote, mama watoto, mimi nilianza kutojua kabla yake!