Njia ya nyuma ya tanuru

Bamama, muliniomba ushuhuda wenye kujenga. Kusema nitasema, kama utajenga, sijui. Mutoto huyu mugongoni akilia, mumuache alie, ni haki yake. Majina ya watu sitataja. Wengine wako hapa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika. Muko huru kucheka. Nilianza nikiwa mwaka wa tatu wa sekondari: mashairi ya ndoa, mashairi ya kuaga mwalimu mwenye anahamishwa, kisha hadisi za kuchekesha. Niliandika ndani ya kaye, daftari ya shule, nikasoma kwa sauti pale wanawake wanasukia nywele, karibu na soko la Bunia. Kaye iliazimwa, ikanakiliwa kwa mukono, ikarudi na mafuta ya mawese kwenye kurasa. Nililipwa sabuni, maharagi, mara moja kuku. Nilijiita mwandishi, na hakuna mutu aliniuliza ruhusa nilitoa wapi.

Hadisi yenye watu walipenda kupita zote ilikuwa ya Muzee Zunguluka. Huyo alikuwa muuza maziwa wa mutaa wetu. Nilimubadilisha jina, basi. Munajua desturi: mwanaume asikutane uso kwa uso na mama mukwe wake, asile mbele yake, asiingie kwake. Sasa mama mukwe akahamia kwenye barabara yenyewe ya soko. Jamaa akaanza kupita nyuma ya tanuru za matofali, akavuka muto, akapanda kilima akisukuma kinga yake, ile baiskeli, na bidoni za maziwa, kila asubuhi, saa ileile. Nikaandika:

Maziwa ilitoka kwake ikiwa maziwa,
ikafika sokoni imekuwa siagi.

Watu walishika mbavu. Yeye mwenyewe alisimamisha kinga mbele yetu, akasema, "We binti, umeniharibia jina. Lakini ile tanuru ya tatu umesahau. Napitia na pale."

Nikaongeza tanuru ya tatu. Mushike neno hilo, nitalirudia.

Kisha vita ikaingia muji. Yale munajua, siye wote tulikuwa ndani. Vijana wenye bunduki wakaweka bariera barabarani, wakaanza kutafuta watu wa upande wa muuza maziwa. Wengi walitoka mbali, hawakujua sura ya mutu hata mmoja. Lakini hadisi yangu walikuwa wameisikia.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nachota maji kwenye chemchemi, wakafika watatu kunywa. Mmoja akasema, "Zunguluka tumemupata. Alikuja mwenyewe kwa njia yake ya tanuru, vile kaye ilisema."

"Na maziwa?"

"Hakuwa na maziwa. Alikuwa na mukungu wa ndizi."

Wakacheka. Kicheko kile nilikijua. Ni mimi nilikitengeneza.

Sikulia. Nilijaza bidoni yangu, nikarudi nyumbani, nikasukuma kaye zote kwenye moto chini ya chungu cha sombe, majani ya mihogo. Sombe ikaiva, tukakula. Mchana huohuo tukakimbia.

Humu kambini, karibu na kiwanja cha ndege, nikazaa. Muliponiomba shairi la ubatizo, nilisema sijui kusoma. Kwenye liste ya chakula niliweka kidole gumba kama mutu mwenye hajaona shule. Mulisema niko na kiburi. Nilikuwa nimeua mutu na kalamu, sikutaka kuishika tena. Nilipomwambia mutu mmoja wa Mungu, akanijibu, "Mama, ni vita iliua, si weye." Jibu hilo lilinikasirisha, na hata leo linanikasirisha. Ukiuliza kila mutu hapa, vita njo iliua; hakuna mwenye mukono wake uliua. Vita haikujua ile njia. Mimi niliijua.

Nilikaa hivyo mpaka siku moja, niko kwenye mustari wa maji, mutoto mugongoni, nikaona kinga bila bidoni inakuja. Mutu akashuka. Alikuwa amekonda, lakini ni yeye.

"Weye njo uliandika njia yangu," akasema.

Nikakaa chini kwenye matope. "Uko muzima?"

"Niko muzima. Nimekuja kukugombeza. Simama, watu watafikiri nimekupiga."

Akanieleza. Asubuhi ile alichelewa kidogo, tairi ilitoka pumzi. Mbele yake, kwenye tanuru ya tatu, akaona vijana wanakamata mutu mwenye kubeba ndizi, wanamwita Zunguluka. Akatupa bidoni, akarudi mbio mpaka barabara ya soko, na mulango wa karibu ulikuwa wa mama mukwe wake. Akaingia. Yule mama akageuza uso ukutani, akatundika mukeka katikati ya jiko. Siku ine walikaa hivyo, na kwa sababu hawawezi kusemezana, walipitisha maneno kwa kuku mwenye alikuwa humo jikoni.

"Kuku," mama anasema, "ambia ule mutu mihogo imeiva."

"Kuku, ambia mama aksanti, lakini chumvi kidogo."

"Kuku, muulize kama hapa ni hoteli!"

Siku ya pili vijana wakatambua kwamba walikosea mutu, wakaanza kupekua nyumba. Walifika kwa yule mama. Mmoja akasema, "Hapa hapana. Jirani amesema ni kwa mama mukwe yake. Hukusikia ile hadisi?" Wakacheka, wakapita.

"Basi," akaniambia, "uliandika njia, wakaningojea pale. Uliandika siwezi kuingia kwa mama mukwe, wakaacha kunitafuta. Sijui nikupige ao nikushukuru. Andika hii ya kuku, kisha nitaamua."

Nikauliza, "Na mutu wa ndizi?"

Akaangalia gurudumu la kinga yake. "Ule simujue. Alikuwa tu mbele yangu."

Kwa hiyo musiniambie hadisi yangu iliokoa mutu. Sikupanga kuokoa. Mwenye aliokoa ni mama mwenye alivunja desturi yake kwa siku ine na akailinda kwa mukeka mmoja.

Nilimwendea, naye alikuwa amekimbilia humu kambini. Mara ya kwanza katika kazi yangu, niliomba ruhusa: "Mama, naweza kuandika mambo ya kuku?"

Akanijibu, "Ya kuku, andika. Na ile kinywa yake ya kulalamikia chumvi, andika. Lakini mahali mutu anapita, mahali mutu analala, hapana."

Hilo njo fundisho langu, na si langu, ni lake. Chekesheni na tabia ya mutu. Njia yake mumuachie.

Nimeandika tena, juu ya karatasi ya mifuko ya simenti. Aksanti kwa mama mwenye alinipatia mifuko, na kwa mwenye alinishikia mutoto. Aksanti kwa yule mama. Ameketi humu, hataki nimwonyeshe. Na aksanti kwa mutu mwenye anasikiliza huko nje, nyuma ya bashi, hii turubai ya plastiki, kwa sababu kuna mutu humu ndani mwenye hawezi kukaa naye. Vita imeisha kwake, desturi imerudi. Usikohoe, tunakusikia.

Jambo la mwisho, halafu nakaa. Ukurasa wa kwanza wa kaye mupya nimeuacha mweupe. Kama kuna mutu hapa mwenye ndugu yake alitoka asubuhi na mukungu wa ndizi, akapita nyuma ya tanuru, hakurudi, anione. Anigombeze, anipige kama anataka. Sitachekesha. Nataka aniambie jina la ndugu yake, niliandike pale.