Rangi Mpya ya Chumba cha Dripu

Mgeni rasmi, uongozi wa hospitali, madaktari, wauguzi, na wagonjwa wenzetu,

Karibu. Sisi wagonjwa wa saratani tunaokaa kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha dripu, tumefurahi kukuona. Tungefurahi zaidi kama ungekuja bila kutangazwa. Tuna hasira, na tumeona tukwambie wenyewe, usije ukapelekewa habari kwamba wagonjwa walipiga makofi.

HISTORIA YETU

Kikundi hiki hakina mwanzilishi. Kilianza kwa woga. Mgonjwa mpya akifika hapa, macho yake huwa mlangoni na miguu inataka kutoroka. Basi tukazoea kumkalisha katikati yetu, na kila anayetoka kwenye dripu humwambia ukweli wa alichokiona humo ndani. Uongo wa "haiumi kabisa" tumeupiga marufuku, maana aliyedanganywa siku ya kwanza, siku ya pili haji.

MAFANIKIO

Fanikio letu kubwa ni Fundi, dada yetu mshonaji. Alipogundua uvimbe kwenye titi alijishonea blauzi pana, akanyamaza. Hata mumewe hakujua. Alipoletwa kwetu alitoroka kabla hajaitwa, akarudi, akatoroka tena. Tukamfuata hadi dukani kwake. Mzee wetu mwenye saratani ya koo, tunayemwita Redio kwa sababu hanyamazi, aliketi kando ya cherehani akamwambia:

"Mwanangu, utatapika. Nywele zitatoka. Utamchukia kila mtu mpaka jioni. Halafu utaamka udai chai. Mimi huyu hapa, nadai chai."

"Na nikilia?"

"Lia tu. Wewe lia, ila usiondoke."

Fundi akapiga moyo konde. Akamwambia mumewe, akafunga duka, siku yake ilipofika akaja kwa miguu yake mwenyewe.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto yetu ni wewe.

Asubuhi hiyo Fundi alikuta mlango umefungwa. Chumba kilikuwa kinapakwa rangi kwa ajili ya ujio wako. Dawa zilikuwepo, wauguzi walikuwepo, nasi tulikuwepo. Mlinzi akamwambia, "Rudi wiki ijayo, mama, kuna ugeni." Fundi hakubisha. Alicheka kidogo, akasema, "Kumbe hata wenyewe hawana haraka," akaenda zake. Tangu hapo, akituona anageuza uso.

Hilo limetuchoma. Mtu amehangaika na nafsi yake usiku na mchana mpaka akaweza kuvuka lile geti, halafu anarudishwa kwa sababu ya ukuta. Na rangi yenyewe bado inanuka, wenzetu wanatapika hata kabla ya kuchomwa sindano. Tulidhani hapa ni hospitali, kumbe ni sebule ya kupokelea wageni. Uongozi ulituomba tuifute sehemu hii. Hatukuifuta.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi mengi: viti, feni, choo cha karibu. Tumeyaacha yote, limebaki moja. Chumba hiki kisifungwe tena kwa ajili ya mgeni yeyote, na wewe uliseme hilo leo, kwa kinywa chako, kabla hujakata utepe wa kukizindua.

Tunakuharakisha kwa sababu Fundi yupo hapa. Redio alikwenda kumbembeleza tena, akakubali kuja kusikiliza tu. Ndiye yule aliyeketi karibu na mlango, mkoba begani, mumewe pembeni. Muuguzi ameshamwandalia dripu yake. Akisikia neno la maana, ataingia. Akisikia hotuba, ataondoka, na safari hii hatutakuwa na la kumwambia.

Mungu akujalie afya, mgeni rasmi, akulindie na wa nyumbani kwako. Sisi tumemaliza. Sasa Fundi anakusikiliza wewe.

Ni sisi,
Wagonjwa wa Benchi la Korido